Moshi Utoke Nje: Tulivyobadilisha Bomba la Jiko Letu

Sisi tuko Lobule, hapa Koboko.

Jioni moja mama alitoka jikoni anafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Hili jiko lenu nitalivunja." Alisema "lenu" kwa sababu sisi watoto ndio tuliolijenga, tena tukalisifu mbele ya majirani wote. Ni lile jiko la udongo la sufuria mbili wanaloliita Lorena. Misimu miwili lilikwenda vizuri. Halafu moshi ukaanza kutokea kwenye mdomo wa kuni badala ya kupanda bombani, na mdogo wetu anayefanya hesabu zake pale karibu na moto akawa anakohoa mpaka usiku.

Mama akarudia mafiga matatu chini ya mwembe. Mafiga, jamani, yanakula kuni! Moto unaruka pande zote, upepo unauchukua, na maharagwe bado magumu. Dada yetu wa miaka 14 akaanza tena kwenda kutafuta kuni, hata siku za masomo. Na sisi wote tunajua porini si bure, kila mti una mwenyewe. Siku moja alirudi bila kuni na bila panga, panga limebaki kwa mwenye shamba. Siku hiyo tukasema basi, jiko litengenezwe.

Kwanza tulitaka kuvunja lote. Mzee mmoja jirani, fundi wa matofali tangu Kongo, akatuzuia. Akawasha majani mabichi kidogo kwenye mdomo wa jiko akatuambia tuangalie tu moshi unapita wapi. Kumbe jiko lenyewe lilikuwa zima! Moshi ulitoka kwenye ufa wa bomba, pale linapopita ukutani, na juu haukutoka karibu kitu.

Akatueleza hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda bombani inavuta hewa mpya kupitia mdomo wa kuni. Ndiyo maana moto unawaka bila kupuliza. Bomba likipasuka, hewa baridi inaingia kwenye ufa na ule mvuto unakufa. Masizi yakijaa ndani, ni kama koo lililovimba. Letu lilikuwa na yote mawili. Waliotufundisha kujenga hawakutuambia kwamba bomba husafishwa, na sisi hatukuuliza. Mvua nayo ilikuwa imelilamba kwa nje, maana hatukuliwekea kofia.

Basi tukavunja bomba tu. Udongo tulichukua kwenye kichuguu, tukauponda, tukachanganya na nyasi kavu zilizokatwa vipande vidogo, maana udongo mtupu ukikauka unapasuka. Tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa miguu, tukaulaza chini ya turubai siku tatu, tukaukanyaga tena. Wanafunzi wetu walisaidia kukanyaga, na hapo hakuna aliyechelewa kufika!

Kazi yenyewe ni tundu la ndani. Tulitumia kipande cha mgomba, upana wa sentimita 10 hivi, tukakisimamisha na kukizungushia matofali mabichi na udongo. Ukifika juu ya kipande, unakivuta polepole kwenda juu huku unakizungusha, unaendelea kujenga. Ukivuta kwa haraka, bomba linaanguka. La kwetu lilianguka mara moja, tukaanza upya, mama akicheka.

Nyumba yetu ni ya nyasi, kwa hiyo bomba halipiti kwenye paa hata kidogo. Linatoka ukutani, linasimama nje mbali na nyasi, na juu linapita ukingo wa paa. Hapo msifanye mchezo, cheche moja tu inatosha kumaliza nyumba. Juu tumeweka kofia ya bati kuukuu iliyoinuliwa kwa vijiwe, ili moshi utoke na mvua isiingie. Chini tumeacha kidirisha cha kutolea masizi, kimezibwa kwa tofali. Kila Jumamosi tunalitoa.

Kukausha ndiko kulikotushinda uvumilivu. Wiki mbili na zaidi tulikaa na mafiga huku jiko jipya linatutazama. Nyufa ndogo zilipotokea tulizipaka udongo mwepesi. Siku ya kwanza tuliwasha moto mdogo tu.

Jina Lorena, tulilizoea kama jina la dada fulani! Linatokana na maneno ya Kihispania ya tope na mchanga. Jiko hilo lilianzia Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, kwa watu waliokuwa wanajenga upya maisha yao kama sisi. Na moshi si wa kuzoea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Sasa mama anapika sombe mbele na maharagwe nyuma kwa kuni zilezile. Sharti tundu zote mbili ziwe na sufuria, maana tundu likiwa wazi moshi unapanda hapo. Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa nyembamba, na zisijazwe mpaka mdomo ukose hewa. Sufuria ya nyuma bado inachelewa, hilo hatutaficha. Dada anakwenda kuni mara moja kwa wiki, Jumapili, pamoja na wenzake. Panga tulikwenda kuliomba sisi wenyewe pamoja na yule mzee, na mwenye shamba alilirudisha.

Jumamosi ijayo baada ya masomo tutakuwa kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye bomba lake limeziba kama letu. Anayetaka kujifunza aje, na kama ana mgomba uliokwisha kuzaa, atuletee kipande.