Ilikwisha Pangwa na Nani?

Si mara moja tumelisikia neno hili katika mazungumzo ya wafanyakazi na wakulima: "Ilikwisha pangwa." Bei ya korosho ikishuka, ilikwisha pangwa, chama cha ushirika kikifilisika, ilikwisha pangwa. Wako na wenye elimu walisemao kwa lugha ya vitabu: kwamba kila tukio huzaliwa na sababu zilizotangulia, na mtu adhaniapo kwamba anachagua, sababu hizo zimekwisha mchagulia. Hatulidharau neno hilo. Lakini twaona kwamba sababu, hiari na kujiamulia vimetiwa katika kapu moja, nasi twawaomba wasomaji waende pamoja nasi hadi Nachingwea ili tuvipambanue.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashamba mengi zaidi yalikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini. Ikajengwa bandari ya Mtwara, na njia ya reli ikafika Nachingwea. Wapangaji walihesabu matrekta, wakahesabu eka, wakaona karanga zitafuata kama mchana ufuatavyo usiku. Hazikufuata. Kule Kongwa mvua zilikosekana, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama tofali. Visiki navyo vikavunja mashine. Januari 1951 mpango ukaachwa, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Je, ilikwisha pangwa? Sababu zilikuwako, hapana shaka. Lakini udongo haukuwashurutisha mabwana wa London kuandika tarakimu zao kabla ya kuupima vema. Mkulima ajuaye kwamba mfinyanzi hukauka ukashika ndiye awezaye kuchagua siku ya kung'oa karanga zake. Kuijua sababu hakukumwondolea hiari, kulimpa.

Hiari, hata hivyo, si kujiamulia. Kibarua aliyefyeka pori alikuwa na hiari. Ni kweli kodi ilimsukuma kutoka nyuma, lakini aliweza kuja, aliweza kuondoka, na mwaka 1947 vibarua wa Kongwa waligoma. Lakini pori lipi lifyekwe, kipandwe nini, mazao yaende wapi: hayo hakuulizwa, wala jirani yake hakuulizwa. Kila mtu alikuwa na hiari yake, na watu wote pamoja hawakuwa na kauli juu ya ardhi yao wenyewe.

Baadaye Nachingwea hiyo hiyo ilipokea wageni wa namna nyingine. Katika miaka ya 1960 FRELIMO iliweka huko kambi yake ya mafunzo. Vijana walivuka mto Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti na mauaji kama yale ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960. Atasema mtu: hao walisukumwa. Naam, walisukumwa, lakini mkono ule ule uliwasukuma wengi, na si wote waliovuka, wala waliovuka si wote walioshika bunduki. Wengine walitafuta mahali pa kulima mihogo na kulea watoto, nasi hatuwalaumu. Walioingia kambini walijadiliana, tena kwa ugomvi mkali, juu ya nchi waitakayo. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Karanga zingali zikilimwa Nachingwea, pamoja na ufuta na korosho, na ukubwa wa shamba huamuliwa na mwenye jembe na mkewe. Bei ni habari nyingine. Hiyo hutoka mbali. Lakini makato, usafirishaji na uchaguzi wa viongozi wa ushirika hujadiliwa mkutanoni, si mbali. Katika mkutano wa mwisho tuliouhudhuria sisi, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na nje, chini ya mwembe, walikuwako wanachama wakicheza bao.