Choo cha stesheni: Mwanamke alipa, mwanamume apita bure

Mama muuza samaki wa Mumbai, India, huamka alfajiri kwenda kununua mzigo kwenye gati la Sassoon Dock. Kisha hupanda treni ya mjini, behewa la mizigo, na kapu lake hadi anakouzia. Mpaka jioni yuko njiani na sokoni. Katika matumizi yake ya siku ipo gharama ambayo mwenzake wa kiume amekuwa akiiepuka: choo.

Mwaka 2011 vikundi vya kijamii mjini humo vilianzisha kampeni ya kudai wanawake wajisaidie bila kulipa. Kwenye vyoo vingi vya umma, vikiwamo vya stesheni, mwanamume hakutozwa kwa haja ndogo; mwanamke alitozwa rupia kadhaa. Maelezo ya wasimamizi yalikuwa mepesi: yeye huingia kwenye chumba chenye mlango, nani ajue amekwenda haja gani?

Tupige hesabu. Tuseme ni rupia 3, mara tatu kwa siku, kwa siku 26 za kazi. Hizo ni rupia 234 kwa mwezi. Mwenye duka hatazisikia, lakini kwa anayeuza kapu moja huenda ndiyo faida ya siku nzima. Wengi hukwepa kwa kutokunywa maji. Hapo ugonjwa wa njia ya mkojo hauko mbali, na mgonjwa hununua dawa huku biashara imelala.

Kufuta ada ni nusu ya kazi tu. Network Rail, inayosimamia stesheni kubwa za Uingereza, ilifuta zake mwaka 2019. Foleni ni suala jingine. Mchoraji wa ramani hugawa eneo sawa kwa sawa na kudhani ametenda haki. Kumbe upande wa wanaume, mbali na matundu, huwekwa pia sehemu za kusimama, hivyo huhudumiwa wengi kwa mara moja. Mwanamke naye hutumia muda mrefu zaidi, pengine ana mtoto mgongoni.

Tanzania tunalijua hili shuleni: kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20, na 1 kwa wavulana 25. Anayejenga stesheni au soko naye ahesabu matundu, si mita za mraba. Na kamati ya soko inapotoa zabuni ya choo, bei ya haja ndogo iandikwe kwenye mkataba, moja kwa wote.