Unaandika riwaya kwenye simu? Jua kwanza itabaki wapi simu ikiibiwa

Simu ikichomolewa mfukoni leo jioni ukiwa unagombania daladala, kiasi gani cha hadithi yako kitabaki?

Kwa waandishi chipukizi wengi, hakitabaki kitu. Sura tatu zimo kwenye notisi za simu, nyingine zimetupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye mwanachama mmoja, basi. Halafu swali linaloulizwa kila siku ni "programu gani nzuri ya kuandikia?" Swali si baya, ila linakuja mapema mno. Kabla ya kuangalia urembo wa programu, angalia kama itakurudishia kazi yako siku mambo yakiharibika.

Maana kuandika kwenyewe hakudai vifaa vya ajabu. Mwaka 1978, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti nchini Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi za chooni. Askari walipopekua chumba chake waliondoka na mswada. Bahati yake, baadaye ulirudishwa.

Mmarekani Ernest Hemingway hakupata bahati hiyo. Desemba 1922, mkewe Hadley alikuwa akimpelekea maandishi yake kutoka Paris kwenda Lausanne, Uswisi. Sanduku likaibiwa kwenye stesheni ya Gare de Lyon. Kinachouma zaidi ni kwamba nakala za kaboni nazo zilikuwa humo humo. Karibu hadithi zote alizokuwa ameandika hadi siku ile zikapotea.

Kuhifadhi faili kwenye simu na kwenye memori kadi iliyo ndani ya simu hiyo hiyo ni sanduku la Hadley. Flashi inayokaa kwenye begi la kompyuta, vilevile. Nakala ya pili inahesabika pale tu inapolala mahali pengine.

Kwa mwenye simu tu

Google Docs inawatosha wengi. Ni ya bure, na akaunti ya Google inakuja na nafasi ya GB 15, wakati riwaya nzima isiyo na picha ni nyepesi kuliko video fupi ya harusi. Ukiwa na intaneti inajihifadhi yenyewe kadiri unavyoandika. Ukiifungua kwenye kompyuta unaweza kurudi kwenye matoleo ya nyuma ya hati, hivyo ile aya uliyoifuta kwa hasira usiku inaweza kupatikana asubuhi.

Bando likiisha je? Ingia kwenye mipangilio mapema, ukiwa bado na intaneti, uruhusu hati zifunguke nje ya mtandao. Utaendelea kuandika, na maandishi yatapanda mtandaoni intaneti ikirudi.

Udhaifu wake ni akaunti yenyewe. Ukisahau nenosiri, na laini uliyoisajili kwa ajili ya kurejesha akaunti ilishafungwa zamani, mswada wako upo lakini huufikii. Kwa hiyo kila baada ya wiki chache pakua nakala ya .docx uiweke kwingine: flashi iliyobaki nyumbani, au baruapepe ya ndugu unayemwamini.

Kibodi inayojifanya mhariri

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili anateseka kuliko wenzake. Kibodi iliyoachwa kwenye Kiingereza inakusahihisha bila kuombwa, na "kama" inaweza kugeuka "karma" katikati ya mazungumzo ya bibi na mjukuu. Kwenye Gboard, ongeza Kiswahili katika orodha ya lugha. Ikiendelea kukusumbua, zima kabisa masahihisho ya kiotomatiki.

Anayesumbuliwa hivyo hayuko peke yake. George R. R. Martin, ambaye vitabu vyake vilizaa tamthilia ya Game of Thrones, alieleza kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Sababu mojawapo ni kwamba hataki mashine imsahihishie.

Anayechoka vidole ajaribu kuandika kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017. Alama za uandishi utazirekebisha mwenyewe, lakini kwa rasimu ya kwanza ya majibizano inasaidia sana.

Ukipata kompyuta

LibreOffice Writer haina malipo, haihitaji intaneti, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Asili yake ni OpenOffice, programu ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Ikipigia mstari mwekundu neno la Kimvita au la mtaani, usikimbilie kulifuta. Huenda kamusi ndiyo hailijui.

Scrivener nayo inasifiwa sana, na ni kweli inamfaa mwenye riwaya ndefu anayetaka kuhamisha matukio huku na huko. Ila ni ya kulipia na haina toleo la Android. Kama kazi yako kubwa inafanyika kwenye simu, hela hiyo nunulia flashi na bando.

Programu yoyote utakayoichagua, ijaribu kwa kurasa mbili kwanza. Ziandike, zitoe kama .docx, kisha zifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji anahitaji faili anayoweza kusahihisha ndani yake, na PDF inamsumbua. Programu isiyokuwezesha kufanya hivyo iache sasa, ukiwa bado na kurasa mbili tu za kunakili upya.