Maficho ya nyoka: unayomjengea ukijua, na unayomjengea bila kujua

Leo tuongee nyoka. Najua wengine mshaanza kupandisha miguu kwenye kiti, tulieni tu, wa leo yupo kwenye maandishi.

Nina mpwa wangu yuko Namasakata, huku kwetu Ruvuma. Kaangalia video za Wazungu wanaofuga nyoka kwenye matangi ya kioo, na yeye kashikwa. Kaniuliza: "Mjomba, nataka nifuge mmoja, sasa pango lake nalitengenezaje? La dukani hela sina, na duka lenyewe silioni." Swali zuri, na jibu lake linakuhusu hata wewe usiyetaka kumwona nyoka hata kwenye kalenda.

KWANZA SHERIA

Kwetu Tanzania nyoka ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huruhusiwi kumkamata porini ukamweka geto kwako bila kibali. Kufuga ni kazi ya watu kama wa bustani ya nyoka ya Meserani, nje kidogo ya Arusha, barabara ya Dodoma. Kwa hiyo nikamwambia mpwa wangu: usikamate kitu. Lakini kujifunza hakuna kibali, sikiliza.

KWA NINI ANATAKA PANGO

Nyoka hana miguu, hana kope, na akikaa peupe nguchiro na tai wanamwona. Anajisikia salama pale tu mwili wake unapogusana na kuta, giza limemzunguka. Ukimweka kwenye kizimba kitupu anaweza kugoma kula, huku panya anapita mbele yake. Wengine wanasugua pua kwenye kioo mpaka kidonda. Siyo jeuri hiyo, ni woga.

Halafu mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, analitafuta nje. Ndiyo maana mapango yanatakiwa mawili: moja upande wa joto, kama nyuzi 30 hivi, jingine upande wa ubaridi, kama 25. Ukiweka moja tu unamlazimisha achague usalama au joto. Mara nyingi atachagua usalama, chakula kitamkalia tumboni bila kusagika, na ataugua.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Chungu kilichovunjika. Hiki ndicho bora. Kigeuze kifudifudi, sugua kingo kwa jiwe au msasa zisimkate. Mlango uzidi kidogo unene wa nyoka, ukikumbuka kwamba akishakula ananenepa.

2. Boksi la viatu. Toboa tundu moja, basi. Uzuri wake ni kwamba likilowa au likichafuka unatupa, unaweka jingine.

3. Kopo la plastiki lisilopitisha mwanga, kama la siagi. Osha vizuri, kata mlango kwa kisu cha moto, lainisha kingo.

4. Pango la unyevu. Ni kopo lile lile, ila ndani unaweka makumbi ya nazi au kitambaa chenye unyevu, siyo maji yanayochuruzika. Hili ni la wakati wa kujivua gamba (la kweli, siyo lile la wanasiasa la 2011). Hewa ikiwa kavu, gamba linatoka vipande vipande, na likibaki machoni au kwenye ncha ya mkia linaleta madhara.

Makosa ya kuepuka ni manne. Pango kubwa mno halimsaidii, akijikunja linatakiwa limbane kidogo. Jiwe zito usiliweke juu ya mchanga, atachimba chini yake limwangukie. Selotepu usiitumie kabisa, inanasa magamba na kumchuna. Na gogo la porini usiliingize kabla hujalianika juani ukalikagua, linaweza kuwa na siafu au utitiri.

SASA GEUKA UANGALIE UANI

Soma tena hizo sifa: giza, pembamba, patulivu, mlango mmoja. Halafu toka nje. Rundo la matofali yanayongoja nyumba iishe. Kuni zimelala ukutani. Bati bovu chini. Chungu kilichovunjika nyuma ya jiko. Ndani kuna mahindi, maana yake panya wapo, maana yake chakula kipo. Jamani, tumemjengea hoteli, tena na msosi juu!

Masika iliyopita, nyumbani kwa dada yangu huko huko Namasakata, mtoto alitumwa tofali. Kuinua tu, kumbe swila yuko chini, akamtemea mate ya sumu machoni. Bahati mama yake hakumpaka kitu chochote. Alimwosha macho kwa maji mengi, kama robo saa nzima, kisha wakamkimbiza zahanati. Leo anaona na shule anaenda. Lakini angetanguliza mkono tusingekuwa tunasimulia hivi.

Kwa hiyo mambo yale yale ya kumtengenezea pango, yageuze:

- Matofali na kuni viweke mbali na nyumba, kuni ziwe juu ya chanja, zisiguse ardhi.
- Ziba nyufa za ukuta na uwazi chini ya mlango.
- Fyeka nyasi, hifadhi nafaka panya asifikie. Panya akikosa msosi, nyoka hana cha kumleta.
- Usiku tembea na tochi. Kwenye rundo tanguliza fimbo, mkono baadaye.

Akikuuma: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na bangili, tuliza kiungo kisicheze, nenda hospitali mara moja. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo kila mwaka duniani.

Na msidhani kumsoma nyoka ni mambo ya video tu. Jirani zetu hapo Liwale aliishi Mwingereza mmoja, C. J. P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968. Alianza kama askari, akawa jangili wa tembo, akaishia afisa wanyamapori aliyeijenga Selous. Watu walimwita Bwana Nyoka. Wanakijiji wakimwona nyoka walikwenda kumwita, naye alimkamata hai, akampeleka kwenye bustani za wanyama na maabara. Ujuzi ulimfanya amshike yule ambaye sisi tunamkimbia.

Mpwa wangu hajafuga nyoka mpaka leo. Ila wikiendi iliyofuata alihamisha matofali yote ya mama yake peke yake, fimbo mkononi. Na wewe kabla hujarudi kulala, pitisha jicho uani.

Mwenye la kuongeza au la kunisahihisha karibuni. Ila naombeni msiniandikie kwamba nafuga majini!