BAKTERIA NAO WANA LUGHA YAO YA MTAANI!

Wadau wa Saadani na Bagamoyo, malaria mnaijua. Mei 2009 majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S yalianza hapo hapo Bagamoyo. Protini ya chanjo hiyo huzalishwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya kimelea. Maabara nyingine hujaribu kutumia bakteria E. coli, maana huzaliana chapchap. Hapo ndipo ngoma inapokuwa nzito.

Jeni husomwa herufi tatu tatu, kila kundi huitwa kodoni. Kodoni ziko 64, asidi amino ni 20 tu. Kwa hiyo asidi moja inaweza kuwa na majina kadhaa, kama pesa: huyu mshiko, yule mkwanja.

Sasa kimelea cha malaria hupenda kuiita arginini AGA. E. coli hulitumia jina hilo kwa nadra, na wabebaji wanaolitambua ni wachache. Matokeo yake kazi inasuasua, protini inatoka kiduchu au inakatika njiani.

Dawa yake? Wataalamu huandika jeni upya, AGA inakuwa CGT. Arginini ni ile ile, ila bakteria anaisoma fasta. Sio kila mara inakubali, kwani protini ikitoka mbio mno huweza kujikunja vibaya, na chanjo ikabaki jina.

Mwenye swali amwage hapo chini!