Insulini Kwenye Theluji: Kwa Nini Dawa Isafiri na Mtu, Isisafiri na Mashine

Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini kutoka kwenye kongosho la mbwa. Mwaka 1959 fundi wa Quebec, Joseph-Armand Bombardier, aliingiza sokoni Ski-Doo, pikipiki nyepesi ya kukimbia juu ya theluji. Vitu hivi viwili, vyote vya Canada, hupatana kwa shida. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, hawezi kuiacha nyumbani anapokwenda safari ya kutwa. Na insulini ikiganda, haifai tena. Kaskazini mwa Minnesota, jimbo la Marekani lenye zaidi ya kilomita 35,000 za njia za pikipiki hizo, usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na wakati mwingine zaidi. Dawa ikae wapi?

Tuanze na dawa yenyewe. Insulini ni protini, yenye minyororo miwili iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloifanya itende kazi. Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokwisha kuanza kutumika huvumilia joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 30, kwa takriban wiki 4 kutegemea aina. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaujua vizuri mpaka huo wa juu. Wa chini hutajwa kwa nadra, ingawa ndio mkali zaidi: juu ya nyuzi 30 insulini hudhoofika taratibu, lakini kuganda mara moja kunatosha kuiharibu.

Maji yanapoganda hujitenga na vilivyoyeyuka ndani yake. Protini na vihifadhi husukumwa kwenye kimiminika kidogo kilichobaki, hubanana, na molekuli za protini huanza kushikamana. Barafu ikiyeyuka, si zote zinazorudi kwenye umbo lake. Katika insulini ya rangi ya maziwa, ile ya kutikiswa taratibu kabla ya kudungwa, chembe hugandamana na kufanya mabonge. Isitoshe, maji hutanuka yakiwa barafu, kwa hiyo kioo kinaweza kupata ufa, na viputo vya hewa vikaingia na kuharibu kipimo cha dozi.

Shida kubwa ni kwamba jicho halitoshi kuhukumu. Insulini safi kama maji inaweza kuganda, ikayeyuka, na ikaonekana vilevile. Mgonjwa hudunga dozi yake ya kila siku, sukari haishuki, naye huanza kutafuta kosa kwenye chakula. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji hayabahatishi: iliyoganda hutupwa, hata kama imeyeyuka.

Sasa upepo, ambao huwachanganya wengi. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, baridi inayohisiwa ni kama nyuzi 36 chini ya sifuri. Lakini kipimo hicho kinahusu ngozi iliyo wazi, kitu kinachozalisha joto na kulipoteza. Kichupa hakizalishi joto, na upepo uvume utakavyo hauwezi kukishusha chini ya joto halisi la hewa. Unachofanya ni kukifikisha huko upesi. Faraja ni ndogo, maana hewa yenyewe iko chini sana ya kiwango cha kugandia.

Wengi hujibu kwa kununua mfuko mnene na kuuweka kwenye sanduku la nyuma. Hapa ndipo hesabu inapokosewa. Blanketi humpa joto aliyelala ndani yake kwa sababu ana joto lake mwenyewe. Ukilitandaza juu ya meza, meza haipati kitu. Mfuko hauzalishi joto, hata chupa ya chai haizalishi. Huchelewesha tu saa ya kuganda, na safari ya theluji ina tabia ya kurefuka: mashine huzama, mkanda hukatika. Mifuko ya kulowekwa maji, inayosaidia sana kwenye nchi za joto, huku haifai kabisa, kwani maji yake huwa ya kwanza kuganda.

Basi panahitajika chanzo cha joto. Injini inacho, lakini joto lake halitawaliki: karibu nayo dawa huungua, na injini ikizimwa hupoa. Vifuko vya kupasha mikono vinaweza kupita nyuzi 50, kwa hiyo visigusane na insulini. Kinachobaki ni mwili. Ngozi ya kifua chini ya nguo nzito hukaribia nyuzi 33, juu kidogo ya kikomo, kwa hiyo mahali pazuri ni mfuko ulio juu ya fulana ya kwanza na chini ya sweta. Sindano iondolewe kwenye kalamu ya insulini, kwa sababu insulini ikipoa hunywea na kuvuta hewa ndani.

Wenye pampu ya insulini wana tahadhari yao. Mrija ni mwembamba na insulini iliyomo ni kidogo mno, hivyo sehemu yoyote inayochungulia nje ya koti huganda mapema. Kwa kuwa mtumiaji wa pampu hana insulini ya muda mrefu mwilini, saa chache tu zinatosha ketoni, asidi hatari, kuanza kujaa kwenye damu.

Baridi humgusa pia mgonjwa, si dawa tu. Ngozi ikipoa, insulini hufyonzwa polepole. Akiingia kwenye nyumba yenye moto, kasi huongezeka na sukari inaweza kushuka ghafla. Kutetemeka na kuinasua pikipiki navyo hula sukari. Dalili za sukari kushuka, kama kuchanganyikiwa na ulimi kuwa mzito, zinafanana na za mwili kupoa kupita kiasi, kwa hiyo wenzake wasikisie, wapime. Kipimo cha sukari nacho kikae kwenye joto la mwili, maana vingi hukataa kusoma kwenye baridi kali. Juisi huganda; vidonge vya glukosi havigandi.

Kwa maoni yangu, sanduku la pikipiki lisibebe insulini kabisa, hata ya akiba. Ya akiba ibebwe na msafiri mwenza, naye ndani ya nguo. Na wewe usiyewahi kuiona theluji, kagua jokofu lako leo: insulini iliyogusana na sehemu ya barafu, au iliyosafirishwa juu ya barafu tupu, imepata yaleyale ya Minnesota. Ukiwa na shaka nayo, fungua nyingine.