Neno "mtumwa" lisilomo: Katiba ya Marekani na ukimya wake

Katiba ya Marekani ilitiwa sahihi mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787. Ndani yake mna vifungu vinavyohusu watumwa moja kwa moja, lakini neno "mtumwa" halimo hata mara moja. Katika makala hii nataka kueleza ukimya huo ulifanya kazi gani katika sheria, na kwa nini sisi tunaosoma lugha na tafsiri tunapaswa kuuheshimu.

Tuanze na maandishi yenyewe. Ibara ya 1 inagawa viti vya Baraza la Wawakilishi kulingana na hesabu ya watu wa kila jimbo. Inawahesabu walio huru, inawaacha wenyeji wa asili wasiotozwa kodi, kisha inaongeza sehemu tatu za tano za "watu wengine wote". Hao "wengine" ndio watumwa. Kila watumwa 100 waliongeza 60 katika hesabu ya jimbo la mabwana zao, hali wao wenyewe hawakupiga kura. Ibara hiyohiyo inalikataza Bunge kupiga marufuku, kabla ya mwaka 1808, uingizaji wa "watu" ambao majimbo yaliona vema kuwapokea. Hiyo ni biashara ya watumwa kutoka Afrika. Ibara ya 4 nayo inaamuru kwamba mtu anayedaiwa "utumishi au kazi" katika jimbo moja, akitorokea jimbo lingine, arudishwe kwa anayemdai.

Maneno hayo yalichaguliwa kwa makusudi. James Madison, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, aliandika kumbukumbu za mkutano ule. Humo anaeleza kwamba aliona si sawa Katiba ikubali wazo la binadamu kuwa mali ya mwenzake. Tarehe 15 Septemba, siku mbili kabla ya kutia sahihi, wajumbe walirudi tena kwenye kifungu cha watoro. Palipoandikwa kwamba mtu ameshikiliwa "kisheria", wakaweka "chini ya sheria za jimbo hilo", kwa sababu baadhi yao waliona neno la kwanza lingefanya utumwa uonekane halali hata mbele ya dhamiri. Wajibu wa kumrudisha mtoro ulibaki palepale.

Ukimya huo ulizaa ugomvi wa tafsiri uliodumu miongo mingi. Hata wapinzani wa utumwa waligawanyika. William Lloyd Garrison aliiona Katiba kuwa mapatano na uovu, na tarehe 4 Julai 1854 akachoma nakala yake hadharani. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kutoroka, kwanza alikubaliana naye, kisha mwaka 1851 akatangaza kwamba amebadili msimamo. Hoja yake ilikuwa ya kilugha: sheria isomwe kama ilivyoandikwa, na iliyoandikwa haimtaji mtumwa, inamtaja mtu.

Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alisema Weusi waliotokana na watumwa hawamo katika raia ambao Katiba inawakusudia. Akaongeza kwamba haki ya kummiliki mtumwa imethibitishwa wazi ndani ya Katiba. Abraham Lincoln alimjibu mjini New York, Februari 1860: neno "mtumwa" halimo, neno "utumwa" halimo, na hakuna mahali ambapo mtu huyo anaitwa mali.

Hoja hizo hazikumaliza ugomvi. Vita vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoumaliza. Jambo la kushangaza ni hili: neno "utumwa" liliingia katika Katiba kwa mara ya kwanza mwaka 1865, kwa Marekebisho ya 13, siku ile lilipoandikwa ili likatazwe. Hata hapo paliachwa mwanya: kazi ya kulazimishwa inaruhusiwa kama adhabu kwa aliyehukumiwa. Kupitia mwanya huo, majimbo ya Kusini yaliwakodisha wafungwa, wengi wao Weusi, kwenye mashamba na migodi.

Sasa tufikirie mtafsiri wa Kiswahili. Anaweza kuandika "mtumwa" pale Katiba inaposema "mtu", na msomaji ataelewa haraka. Lakini akifanya hivyo, hoja ya Douglass na jibu la Lincoln havieleweki tena, na Taney anapewa ushindi ndani ya tafsiri. Kiswahili kinaongeza ugumu wake: "utumishi" na "utumwa" ni ndugu, shina lao ni moja, -tum-. Sikio letu linasikia utumwa hata pale tunapoandika utumishi. Neno la Kiingereza lina asili ya namna hiyohiyo, kwa kuwa limetoka katika Kilatini "servus", yaani mtumwa, lakini undugu huo hausikiki kwa urahisi kwa asiyejua Kilatini.

Mimi nachagua kuandika "mtu anayedaiwa utumishi au kazi", na maelezo niyaweke pembeni, nje ya matini. Msomaji ana haki ya kujua kwamba ni watumwa waliokusudiwa. Ana haki pia ya kuona kwamba waliotunga sheria hiyo walikwepa kuwaita hivyo.